Makumbusho ya Miguu Mirefu

Mgeni rasmi, Ndugu Fridolin, msanifu uliyechora makumbusho haya, pokea marahaba zetu. Shikamoo umeitoa kwa kila bibi, mmoja mmoja, hata kwa yule aliyekuwa amesinzia. Tumeliona hilo na tumelipenda.

KARIBU KATINDIUKA
Sisi ni mabibi tuliotoa vyombo vyetu vya zamani viwekwe humu: vinu, vyungu, nyungo na mikeka. Asante kwa kurudi kuitazama kazi yako.

ULIVYOKUJA MARA YA KWANZA
Ulikuja masika ya mwaka 1995, maji yametanda bondeni, ukitaka kujua watu wa hapa wanajengaje. Sisi wazee tulikuwa tumebaki nyumbani na wajukuu, kama kawaida ya msimu. Vijana walikuwa wamehamia mashambani kulinda mpunga, wanalala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo. Ukawafuata huko. Ukalala dunguni, ukaliwa na mbu, ukarudi unacheka.

TUNAYOJIVUNIA
Nyumba imetoka nzuri. Haikukaa chini kama ofisi. Imesimama juu ya nguzo, na maji ya masika yanapita chini yake bila kugombana na mtu. Upande mmoja umeuacha wazi. Tunaambiwa ukisimama pale unaona mto, mashamba na milima ya Udzungwa, kisha ukigeuka unaona vinu vyetu na kuelewa vilitoka wapi.

Tunaambiwa.

KINACHOTUSUMBUA
Ngazi. Umeweka ileile ya dunguni, miti myembamba, wima kabisa. Vijana waliisifu. Lakini mwanetu, kule juu hukukuta bibi hata mmoja, na hukujiuliza kwa nini.

Basi sisi hukaa chini ya sakafu. Wiki iliyopita Amedeus, kijana anayeongoza wageni, alikuwa akiwaonyesha wanafunzi mkeka wa mwenzetu Serafina. Serafina akapaza sauti kutoka chini:

"Amedeus! Umeutundika upande gani?"

"Upande mzuri, bibi!"

"Mzuri kwako au kwangu?"

Wanafunzi wakacheka. Amedeus, Mungu amtunze, akautungua, akamteremshia kwa kamba aupapase. Bwana Tamimu mwenye duka akajitolea kumpandisha mgongoni. Serafina akakataa: "Mimi si gunia la mpunga, baba."

Mgeni rasmi, Serafina macho yake yanaingia ukungu. Mkeka ule aliusuka na marehemu mama yake. Anataka auone ulipotundikwa, na bonde mbele yake, wakati bado anaona.

OMBI LETU
Tunaomba tuta la udongo lipande polepole kutoka njiani hadi mlangoni, kama kingo za majaruba ya mpunga tunazopita kila siku. Masika yakilimega, tutalishindilia upya. Ngazi ibaki, ni ya vijana, na wewe ukiitaka.

Ofisi ya makumbusho imetuambia hakiongezwi kitu bila ruhusa ya aliyechora. Udongo upo. Wa kuubeba tupo. Majembe tumekuja nayo, yako nyuma ya kiti chako. Ukisimama kutujibu, hotuba fupi itatutosha.

Mungu aubariki mkono wako, nyumba yako na safari yako, akujalie uzee mrefu wenye magoti mema.

Ni sisi,
Mabibi wa Vinu na Mikeka, Katindiuka.
Msomaji: Bibi Aurelia