Tepu Nyeusi Juu ya Geji ya Gia

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali yetu, Bwana Mkuu wa Usafiri, Matroni na wauguzi wote, ndugu madereva, mafundi wenzangu mlioosha mikono leo kwa ajili yangu tu, mke wangu uliyeketi mbele kuhakikisha sisemi upuuzi, na wewe mama uliyekaa peke yako karibu na mlango: nawasalimu wote kwa heshima.

Mshereheshaji wa hafla hii ya kuniaga nikistaafu ametoka kusema kwamba kwa miaka thelathini na minne hakuna gari lililoharibikia mikononi mwangu. Mmepiga makofi, na mimi, kama ilivyo kawaida yangu, nimeinua kidevu. Shule niliiachia darasa la sita, lakini nimefungua injini katika bandari tatu, na nimebishana na mainjinia wa kigeni kwa ishara za mikono mpaka wakakubali. Nani hapa hajanisikia nikijisifu kwamba kiganja changu ni geji? Naweka mkono juu ya injini, nasema digrii tisini na tano, mnapima, mnakuta tisini na tano. Hilo ni kweli, silipunguzi hata leo. Ila lile la mshereheshaji si kweli, na nikilinyamazia nitatoka humu na zawadi ya wizi.

Mnalikumbuka basi la wafanyakazi, lile la gia za otomatiki. Dereva wake alikuwa mama huyu wa pale mlangoni. Sisi wa gereji tulimpachika jina la Mama Pole, kwa sababu hakuwahi kukimbiza gari hata akiwa amechelewa. Miaka sita iliyopita alikuja gereji akaniambia, "Fundi, nikipanda kile kilima, geji ya oili ya gia inafika mia moja na ishirini."

Nilikuwa nakunywa chai, madereva wamenizunguka. Nikamjibu, "Mama, oili kucheza kwenye mia na kitu ni kawaida. Hata wewe ukipanda ngazi si unatoka jasho?"

"Hiyo unayosema ni ya injini, fundi. Mimi naulizia ya gia."

"Oili ni oili, mama. Wewe endesha, utabibu tuachie sisi."

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Sasa nisikilizeni vizuri, hasa ninyi mafundi mnaobaki. Oili ya injini ya basi lile ikiwa kati ya tisini na mia moja na ishirini, imetulia, haina shida. Oili ya gia yake inatakiwa iwe themanini hadi tisini na tano hivi. Ikishika mia moja na ishirini ikakaa hapo, inaanza kuungua, na gia zinaungua nayo. Mimi nilichukua kipimo cha injini nikakivisha gia. Je, nilikuwa sijui? Nilijua, ndugu zangu. Kitabu cha basi kilikuwa kabatini kwangu. Ila nilishachekesha watu, nikaona aibu kwenda kukifungua.

Akarudi mara ya pili, akaniandikia kwenye daftari la gari. Mara ya tatu nilikata kipande cha tepu nyeusi ya umeme, nikapanda ndani ya basi, nikakibandika juu ya geji. Nikamwambia, "Haya, haipandi tena." Akakibandua. Nikabandika viwili.

Jumatatu moja asubuhi, wauguzi thelathini na mmoja wakiwa ndani, gia ziliachia katikati ya kilima, na basi likaanza kurudi nyuma. Mama Pole alivuta breki ya mkono, akakata usukani, akaliegemeza basi kwenye ukuta wa shule. Muuguzi mmoja alivunjika mkono. Wengine walishuka kwa miguu yao. Mimi nilifika kabla ya kamati ya uchunguzi. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia, nikakuta imekuwa nyeusi, inanuka kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Kile kirejeta kidogo cha kuipozea kilikuwa kimezibwa na matope. Kukiosha ni kazi ya nusu saa. Kisha nikapanda ndani, nikabandua tepu, nikaitia mfukoni.

Mama Pole aliieleza kamati habari za tepu. Mwenyekiti akaniuliza, "Fundi mkuu, umeona tepu?" Nikasema, "Sijaona tepu yoyote, mheshimiwa." Nikaandika kwenye ripoti kwamba dereva alipuuza geji. Nani angemwamini dereva mbele ya kiganja hiki? Tangu hapo yuko getini, anaandika namba za magari, na mimi miaka sita nimepita mbele yake nikijifanya natafuta stesheni ya redio.

Leo asubuhi, nikiwa na suti hii, alinisimamisha. Nikajua siku yangu imefika. Akainama dirishani, akasema, "Hongera, fundi. Lakini gari lako linanuka oili iliyoungua. Angalia gia kabla hujarudi nyumbani."

Nilikwenda kuangalia. Alisema kweli.

Mheshimiwa Mkurugenzi, barua yangu ya kukiri haya yote ni hii hapa. Tepu niliitupa siku ile ile, kwa hiyo ushahidi ni mdomo wangu. Nimeiandika mwenyewe, makosa ya herufi nisamehe, haya mengine usiyasamehe haraka. Naomba ripoti ile ifutwe, naye arudishiwe usukani, maana amebakiwa na miaka mitatu tu kazini. Kama kuna adhabu, kwangu mnapajua, ni pale penye magari mabovu manne. Mke wangu, najua na wewe ndiyo kwanza unalisikia hili, tutaongea. Ile saa ya ukutani mliyoninunulia iacheni mezani, siwezi kuibeba.

Mama, sikuombi unijibu mbele za watu. Mimi najua nilichokufanyia mbele za watu. Nawashukuru nyote kwa kuja. Asanteni kwa kunisikiliza, na wewe mama zaidi ya wote, kwa maana ulikuja kwangu mara tatu, na mimi sikukusikiliza hata mara moja.