Persis Kwamboka, Aliyehesabu Plastiki Ndani ya Chaza

Kwa niaba ya mume wake Duncan na watoto, nawashukuru kwa kufika hapa Nyamache na kutulia, mimi ni Onchiri, kaka yake marehemu, haya nitakayosoma nimeyaandika mwenyewe, na likipatikana kosa ni langu.

Persis Kwamboka Mokua alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Gesima, mtoto wa tatu wa Mzee Obadiah Mokua, mzee wa kanisa, na Mama Nyanchera, akabatizwa mwaka wa 1992, akasoma shule ya msingi huko huko Gesima hadi 1993 na sekondari Nyamira hadi 1997, na kila likizo tulichuma majani chai pamoja, ingawa alikuwa mvivu wa kuchuma na hodari wa kuuliza maswali.

Mwaka wa 2001 alipata diploma ya maabara mjini Mombasa, akaajiriwa huko mwaka wa 2003 katika maabara ya utafiti wa bahari, na tarehe 16 Desemba 2007 akafunga ndoa na Duncan Anyona wa hapa Nyamache, wakajaliwa watoto wawili, Linet na Mose.

Kuanzia mwaka wa 2019 alichunguza chaza wanaouzwa kwa chakula, wale wanyama wa baharini wanaoishi ndani ya ganda gumu, ambao wengi wetu huku milimani hatujawahi kuwaona, aliwanunua kwa akina mama wauzaji, akawafungua kwa kisu, akayeyusha nyama yao kwa dawa, kisha akahesabu kwa darubini vipande vya plastiki vilivyobaki, vyembamba kuliko unywele, vya nguo, nyavu na mifuko tunayotupa. Alivikuta karibu katika kila chaza. Wauzaji waliogopa kwamba atawafungia riziki, lakini alikaa nao, akawafundisha kuwaweka chaza katika maji safi siku mbili kabla ya kuwauza ili wateme sehemu ya uchafu huo, na hakuwadanganya kwamba uchafu wote hutoka.

Juni 2022 picha yake ilitoka gazetini, ameshika kisu na chaza aliyefunguliwa, na sisi Waadventista wa Gesima, tusiokula kiumbe wa majini asiye na mapezi na magamba, tukakata shauri kwamba anakula najisi, hivyo Jumapili tarehe 3 Julai mkutano wa kanisa ukamwondoa katika ushirika, Baba akiwa mwenyekiti, nami karani nikalifuta jina lake kwa mkono wangu. Hakuna aliyempigia simu kumuuliza. Aliandika barua mbili, akieleza kwamba hajawahi hata kuonja, na kwamba anatamani kuzikwa na kanisa lililombatiza, barua hizo zilifika kwa karani, nami sikuzisoma mbele ya mtu yeyote.

Agosti 2024 aligunduliwa kuwa na kansa ya kongosho, hakuna daktari aliyesema ilitokana na kazi yake, kwa hiyo tuache kunong'ona, akalazwa Mombasa na baadaye Kisii, akafariki Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, jina lake likiwa bado limefutwa, na ndiyo maana leo hamwoni mchungaji wala kwaya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, ndugu wa Kiogoro waliolaza wageni, wafanyakazi wenzake, na akina mama wauza chaza, Waislamu, waliosafiri kutoka Pwani na kukalia viti ambavyo kwaya yetu ingevikalia.

Baba, na kanisa, Desemba 2016 nilimtembelea Persis Mombasa, nikala chaza wa kuchoma kwa ndimu na pilipili, sahani mbili, yeye akiwa kando yangu anakula mhogo, alinikanya mara moja tu, na hata tulipomfuta hakunitaja. Barua zake nilizificha kwa sababu niliogopa mtu akianza kuuliza nani alikula, jibu litanifikia. Zote mbili ninazo hapa mfukoni, nampa Baba sasa hivi azisome mbele yenu, na ukarani nimeuacha.

Pumzika kwa amani, Kwamboka, aliyekula ni mimi.