Mama Ernestina, Aliyetuchezesha Nyumba za Uzee

Miaka kumi na miwili Mama Ernestina Rutebuka amefanya kazi katika kituo chetu cha wakimbizi hapa Louisville, na Alhamisi hii, tarehe 30 Juni 2016, anastaafu. Ofisi ilitaka wasifu huu uandikwe na mtu mwenye diploma. Mimi Cubaka, dereva wa vani, nimekataa. Mwenye diploma amefika mwaka jana. Mimi nimembeba Mama Ernestina na wazee wake tangu siku ya kwanza, na sijagonga hata boksi la barua. Donc kalamu ninashika mimi.

Mama Ernestina ni Mtanzania wa Bukoba. Alikuja Amerika akimfuata mumewe aliyekuwa masomoni, mume akafariki, yeye akabaki na kazi. Mwanzoni alikuwa anapokea familia uwanja wa ndege na kuzionyesha jiko la umeme na namna ya kufunga dirisha wakati wa baridi. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama shati la pasi, na sisi Wakongo wa Kivu tulimcheka. Clémence wa mapokezi alimwambia, "Mama, ukisema tafadhali mara tatu, watu watadhani unauza kitu." Alicheka kuliko sisi, na tafadhali hakuziacha.

Bon, miaka ikaenda, na wazee tuliowaleta wakazeeka zaidi. Wengi wanakaa ghorofa za juu bila lifti. Mwaka 2013 Mama Ernestina alianza kuwauliza mmoja mmoja wataishi wapi nguvu zikiisha. Hilo ni swali zuri kwa Mzungu. Kwetu, kumuuliza mzee hivyo ni kama kumpima sanduku la kuzikwa. Mzee Bagula alimtazama akasema, "Umeona nini kwangu? Umeniota?" Akavaa kofia, akakataa hata vani yangu, akarudi kwake Okolona kwa miguu. Na vani yangu hakuna anayeikataa.

Mama Ernestina hakukasirika. Alikuwa amekwenda mkutano Buffalo, akaona huko watu wanapanga mtaa wao kwa kucheza mezani. Aliporudi alinikuta nyuma ya ofisi na mbao za paleti, akaniomba nimchongee nyumba ndogo ndogo. Nilichonga ghorofa, nyumba ya chini, nyumba ya wazee, nyumba ya mtoto. Katika Louisville yote hakuna mtu angezichonga vile. Uliza yeyote.

Mchezo ni huu. Kila mtu ana haragi moja, punje ya maharage, hiyo ni yeye. Anaiweka katika nyumba anayokaa. Halafu anafunua karata. Karata inasema jambo: goti limekataa ngazi, macho yamekatazwa kuendesha gari, theluji imefunga njia. Kila jambo likija, unasema haragi inabaki au inahama, na wenzako wanaruhusiwa kukucheka. Sheria ni moja tu: lililosemwa mezani haliletwi njiani. Kwa sheria hiyo wazee walianza kusema. Bagula mwenyewe alirudi, akahamisha haragi yake kwenye nyumba ya wazee, akasema ile haragi haina akili, yeye hayumo. Leo anakaa huko, na ni mkubwa wa bustani yao.

Siku moja meza iliharibika. Karata moja ilisema, "Hamia kwa binti yako." Mama wanne walichukua sakoshi zao za mkononi wakasimama. Kwetu mama halali chini ya paa la mkwe wake, hatumii bafu moja naye. Ni heshima, haijadiliwi. Kwao Bukoba nao wanaheshimu mkwe, lakini miaka ya Amerika ilikuwa imemsahaulisha. Clémence alipomweleza kwa sauti ya chini, Mama Ernestina aliwaomba radhi mama mmoja mmoja, akaitoa ile karata.

Mmoja wa wale wanne alikuwa Mama Kavugho, mjane, ghorofa ya tatu, magoti mabaya. Ile miezi mwenye nyumba alikuwa ametangaza watu wote watoke kabla ya Agosti kuisha, anataka kukarabati. Mtoto wa Kavugho aliyebaki ni mmoja, Charlotte, anakaa Westerville pale Columbus na mumewe Laurent. Chumba kilikuwa tayari, kitanda kimetandikwa. Kavugho alisema hapana, basi. Hakutoa sababu, maana sababu hiyo haisemwi kwa binti. Charlotte alimpigia Mama Ernestina akilia, kwamba mama yake anachagua kulala kwa wageni kuliko kwake.

Mama Ernestina angeweza kumwambia. Mimi ningemwambia. Yeye alisema siri ya mzee inatolewa na mzee mwenyewe, wengine tusogeze meza tu. Jumamosi nilipakia meza, nyumba na Mama Kavugho kwenye vani, tukaenda Columbus. Ni mwendo wa saa tatu na kitu, na mimi sikutumia ile simu inayoongea njia.

Tulicheza sebuleni kwa Charlotte. Wajukuu walikuja kutazama, wakauliza kwa Kiingereza nani anashinda. Mama Kavugho alifunua karata ya goti. Alichukua haragi yake, akaiweka juu ya kitambaa, kando ya nyumba ya binti, mahali patupu.

Charlotte akasema, "Mama, hapo ni nje."

"Ninajua ni inje."

Akafunua nyingine, ya theluji. Haragi haikutoka.

"Mama, utakufa na baridi."

"Ni haragi tu. Iache."

Charlotte alianza kufuta macho. Laurent alikuwa amekaa mbali kidogo, macho chini, kama mkwe anavyokaa. Alisogea polepole, akachukua nyumba moja ndogo katika zile zangu, akaifunika nayo haragi, kisha akaigeuza mpaka mlango wake ukatazama upande mwingine, usielekeane na mlango wa nyumba ya binti. Hakusema na mama mkwe. Alisema na Mama Ernestina: "Mumuambie mama, mukwe wake atapiga hodi. Kuingia, hataingia."

Mama Kavugho alijifunika uso kwa kitenge. Charlotte aliangalia meza, akamwangalia mumewe, akasema, "Kumbe ni mlango. Miezi yote hii, ni mlango." Mama Ernestina aliomba chai.

Laurent alipata apatimenti ya chini, ng'ambo ya pakingi yao, yenye bafu lake. Haikuwa rahisi, meneja alimzungusha, na Kavugho alilala kwa Clémence wiki kadhaa. Lakini alihamia. Mimi nilibeba kabati, peke yangu.

Toka pale Mama Ernestina alirudisha ile karata, imeandikwa upya: "Mtoto wako anakuita. Weka haragi unapoweza kulala." Wenzetu wa Buffalo na wa Columbus wanaichezea mpaka leo. Wazee wengi wamehama kabla ya kuanguka ngazini, na watoto wao walijua kwa nini.

Alhamisi Mama Kavugho anakuja kuaga. Laurent ataendesha, yeye atakaa nyuma, Charlotte katikati yao akipitisha maneno. Charlotte anasema njia nzima wanagombana hivyo kuhusu redio, na kila mmoja anampa yeye makosa.

Mama Ernestina, asante. Umetuuliza jambo gumu bila kututia aibu, na hiyo hata mimi sikujua namna yake. Unahamia Amherst, ng'ambo ya barabara na nyumba ya mdogo wako Belinda. Mungu akupe huko siku ndefu na jirani wenye kucheka. Kila mmoja na mlango wake, na ule wa mwenzake usiwe mbali.