Njia ya Matete

Sogeeni karibu, wanangu. Janvier, kaa upande huu wa sikio langu zima, na wewe Claudette niinulie mto kidogo, na huyo anayeongea na simu uani mwambieni anyamaze, maana pumzi niliyo nayo leo ni ya kusema mara moja tu. Msilie. Mnaniona nimekonda mkadhani nina huzuni, kumbe moyo wangu umetua, tangu juzi nalala kama mtoto aliyeshiba.

Nianze na vitu, kwa sababu vitu ndivyo vinavyogombanisha watu kaburi likiwa bado bichi. Nyumba hii ni ya Claudette, aliyebaki nami hapa Rubona nilipokuwa siwezi hata kujifunga kitenge. Shamba la Rugerero ni la Janvier, na fungu la baba yenu katika ile timu ya mitumbwi mitatu ni lake pia, nyavu na taa. Sufuria zangu za kukaangia sambaza, visamaki vyetu vya ziwani, mpeni shangazi yenu Dancille. Ndiyo, Dancille, mmesikia sawasawa. Tumenuniana miaka na miaka kwa sababu alisema mbele ya soko zima kwamba nimechanganyikiwa, eti nawalilia fisi maji wanaochana nyavu za kaka yake. Nimemsamehe. Ana mdomo, lakini baba yenu alipougua ndiye aliyetuletea uji kila asubuhi, na sitaki kufika kwa Mungu nikiwa bado nimemnunia.

Sasa njia. Matete yale ya chini si mali yetu, ukingo wa ziwa ni wa serikali, hilo mnalijua; lakini njia ya kuyafikia inapita uani kwetu, kati ya jiko na ukuta, na nyingine hakuna, kwa hiyo anayeshika ufunguo wa kile kigeti ndiye anayeamua kama fisi maji watakaa au watahama.

Nilipoolewa hapa nikitokea Karagwe, na Kiswahili changu ambacho baba yenu Viateur alikuwa akikicheka kwamba ni cha redioni, niliwakuta fisi maji wengi. Asubuhi walitoka majini wakajilaza juu ya mawe, shingo zao zina madoa meupe, wanajilamba manyoya bila wasiwasi wowote. Viateur aliwatukana kila walipomtobolea wavu, matusi ya kila namna, lakini hakumgusa hata mmoja, kwa kuwa alijua matete yanayowaficha wao ndiyo yanayolea na samaki wadogo, na kwamba siku ziwa likifunguliwa, baada ya miezi ya kukatazwa kuvua, timu yake itarudi ikiimba.

Kisha Viateur akafa. Kwetu tukishazika hatuingii nyumbani bila kunawa, mikono na majembe, na ziwa likiwa hapo chini, nani angehangaika kupandisha maji? Mtaa mzima ukashuka. Wanaume wakaosha majembe, wanawake wakalaza matete wapate pa kukanyaga, watoto wakaogelea, wengine wakabaki hapo hapo na bia zao mpaka jua likazama. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, tulikuwa tunampa marehemu heshima yake. Lakini baada ya hapo njia ikawa barabara, watu wakafulia pale, wakakata majani ya mbuzi, na yale mawe yakabaki matupu. Samaki wadogo nao wakaadimika, wavuvi wakaanza kutupiana lawama. Ndipo nikaweka kigeti, Dancille akanicheka, na matete yakachukua miaka kusimama tena. Fisi maji walirudi polepole, mmoja, kisha mwenzake.

Janvier mwanangu, wewe ndiye uliyeninyima usingizi. Ulitaka kufyeka pale uweke viti na jiko la samaki kwa wageni wa Kigali, nilikusikia ukipatana na vibarua nyuma ya dirisha hili, na mimi siwezi kuinuka. Juzi ukashuka na panga. Nikalala hapa nasikiliza litakavyolia. Halikulia. Ukarudi, ukasimama mlangoni viatu vimelowa, ukasema: “Mama, iko na batoto mule ndani. Siwezi kukata.” Kisha ukaniwekea ufunguo kiganjani. Sijui kama uliona nilivyolia, lakini nililia kwa raha, baba.

Ikabaki hofu moja, na hiyo ndiyo iliyonifanya niwaite: maziko yangu. Watakuja wengi, nimeuza sambaza maisha yangu yote, na wote watataka kunawa, na ni haki yao, mila hiyo msiikate. Nikawa nawaza nitaanzaje kuwaambia wanangu wapange matanga yangu nami nawatazama. Halafu leo asubuhi Claudette akanigeuza upande wa dirisha, nikaona. Mabeseni mapya, yamepangwa ukutani mwa jiko, na madumu yamejaa maji, na kigeti kimefungwa. Hakuna aliyeniambia ni ya nini. Claudette aliponiona natazama akayafunika na kitenge.

Yafunue, binti yangu. Niyaone. Mmenipunguzia mzigo ambao sikujua niutue wapi.

Nipeni maji kidogo... Asante. Mnizike kando ya baba yenu. Watu muwapokee hapa juu, wanawie hapa. Dancille awamiminie... ana sauti yule, hakuna atakayempita kwenda chini. Ufunguo uko hapa... Janvier, kifungue kiganja, vidole vimekataa. Uchukue.

Mungu awape watoto... awape usingizi kama huu wangu. Na asubuhi mkiamka muwaone juu ya mawe, wao na watoto wao. Msishuke. Watazameni... kutoka hapa juu.