Njia Aliyoichagua Tymish: Maisha ya Lukyan Protsyuk, 1966–2025

Ndugu, majirani, na ninyi askari mliosafiri usiku kucha mkaja na matope kwenye viatu, karibuni. Mimi ni Teklya, dada mkubwa wa marehemu. Padre amenitaka nisome taratibu na nisimsifu ndugu yangu kupita kiasi. Kusoma taratibu naweza.

Lukyan, mwana wa Andriy na Yustyna Protsyuk, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 hapa hapa Horishnya Luka, katika ile nyumba ya bati la kijani mliyoipita mkija makaburini. Alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho. Alichelewa kusema hata wazazi wakaingiwa na hofu, na alipoanza, alizungumza na ng'ombe kwanza, kisha ndipo akamkumbuka mama. Kila Krismasi nguruwe alipochinjwa, Lukyan alijificha kwa jirani mpaka damu ioshwe uani. Tulimcheka sana kwa hilo.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia 1973 hadi 1981. Jiografia nilimfundisha mimi mwenyewe, akapata tatu kati ya tano, na ile ya tatu ilikuwa ya huruma. Mbele ya ramani alikuwa kama amefumbwa macho. Barabara aliyopita mara moja, hata hivyo, hakuisahau tena, na alijua hata mti uliokatwa. Mwaka 1984 alihitimu udereva na umakanika katika chuo cha ufundi cha Terebovlia. Baada ya utumishi wa jeshi aliajiriwa na kiwanda cha maziwa, akaendesha gari la friji la jibini, siagi na mtindi kwa zaidi ya miaka thelathini.

Kazi hiyo ndiyo iliyomletea mke. Orysia Bilyk alikuwa muuzaji wa duka la Terebovlia, duka lililotakiwa kuwa la mwisho kwenye mzunguko wake. Mwaka mzima Lukyan alilifanya la kwanza. Hatimaye Orysia akamwambia, "Lukyan, mtindi wako unafika kabla sijafungua mlango. Sema unachotaka, au upeleke kwingine." Akasema alichotaka. Walifunga ndoa tarehe 5 Oktoba 1991, na mwaka 1994 Mungu akawajalia binti, Solomiya.

Vita vilipotuangukia, Lukyan alikuwa na miaka hamsini na mitano. Mwezi Machi 2022 alijipeleka kuandikishwa, akaenda na lile gari lake la friji. Waliutazama umri wake, wakalitazama gari, wakachukua vyote viwili. Wakampa kazi ambayo vijana wengi walikuwa wameikimbia: kuwatoa waliokufa mstari wa mbele na kuwafikisha kwao. Ndiyo, yule yule aliyemkimbia nguruwe.

Jeshini, maiti huitwa "mia mbili", majeruhi "mia tatu", na aliyegoma kwenda mbele huitwa "mia tano". Ni lugha ya redio, na watu wanaihitaji ili mikono yao iendelee kufanya kazi. Lukyan hakuitumia. Aliyekuwa nyuma ya gari alimwita kwa jina lake, na njia nzima alimweleza walipofika. "Tumeingia Vinnytsia, Romko. Mvua inanyesha. Viazi huku wameshavuna." Orysia alisafiri naye mara moja, akarudi akaniambia, "Wifi, wamezungumza mpaka tumefika." Nikamuuliza nani na nani. Akasema, "Yeye peke yake. Lakini yalikuwa mazungumzo."

Linalofuata nimesimuliwa na Sajini Zakhar Dovhan, ambaye yuko hapa na atanisahihisha nikipotoka. Vuli ya 2023, upande wa Donbas, kikosi chake kilikuwa kimepoteza watu wengi katika ukanda mmoja wa miti. Wengine walikuwa bado wamelala kule kondeni, droni zikiwazunguka, na hakuna aliyeweza kuwafikia. Waliobaki walikaa kwenye chumba cha chini ya nyumba iliyobomoka, wakakataa kutoka. Kamanda alifoka, kisha akabembeleza, bila mafanikio. Lukyan, ambaye wote walimwita Mjomba, alikuwa ameketi pembeni akinywa chai, akisubiri waliokufa aliokuja kuwachukua.

"Mjomba, umekuja kutuchukua mapema?" mmoja akamtania.

"Ninyi bado wabichi," akajibu. "Lakini madhali tupo, wewe kwenu wapi?"

Aliyeulizwa alikuwa Tymish Hrynda, kijana wa milimani, karibu na Kosiv. Akamtajia.

"Nikupitishe wapi? Kutoka Kolomyia naweza kunyoosha, au nizungukie Yabluniv, ambako kuna mashimo. Wenzako niliowabeba hawakuniambia, nikawa nabahatisha. Sipendi kubahatisha."

Tymish akasema, "Nipitishe Yabluniv, mbele ya nyumba ya mwalimu Vasylyna wa hesabu. Yule mama alisema mimi sitafika mbali."

"Na mashimo?"

"Nitakuwa nimelala, Mjomba."

Mmoja akacheka, na kicheko kikawashika wote. Mwingine akadakia kwamba yeye apitishwe Uman, kwenye kile kituo cha mafuta chenye soseji. "Soseji utazilaje wewe?" wakamuuliza. "Atakula Mjomba, mimi nitanusa." Wakaendelea hivyo hadi kila mmoja akawa amesema njia yake, na wawili nusura wagombane juu ya daraja lipi lililo zuri zaidi. Lukyan hakuandika kitu. Aliitikia kwa kichwa tu, kama ninavyomjua.

Sajini Zakhar aliniambia hivi: "Mama, kufa tulikuwa tumeshakuzoea. Tulichoogopa ni kubaki kule kondeni kama takataka za mtu. Akaja huyu mzee, anaongea kana kwamba kurudi nyumbani ni jambo lililokwisha kuamuliwa." Kesho yake walitoka. Wawili walibaki, na mtu alipowaita mia tano Lukyan alimkata kauli. "Hawa wamechoka," alisema. "Wape chai."

Mwezi Novemba, Tymish aliuawa, na adui akaichukua sehemu ile siku hiyo hiyo. Mwili wake ukabaki upande wa pili. Hapo ndipo mateso ya mama yake, Paraska Hrynda, yalipoanza. Mnajua kwetu kanisani majina ya kuombewa husomwa mafungu mawili, walio hai na waliolala. Mama huyu, ambaye hakuwa ameiona maiti, alikuwa akifika mlangoni, hajui jina la mwanawe aliandikishe kwenye fungu gani, anarudi nyumbani. Kila Jumapili Lukyan alimpigia simu popote alipokuwa. "Bado, Mama Paraska. Lakini njia naikumbuka."

Aprili 2025 Lukyan alianza kuumwa tumbo. Madaktari wa Ternopil wakamkuta na saratani ya kongosho, nayo ilikuwa imeshasambaa. Aliachishwa jeshi, akarudi kwetu amekonda, suruali inashikiliwa na kamba. Kiangazi hicho pande mbili zilibadilishana maiti, yakaja malori na malori ya mifuko myeupe, na wataalamu wakaanza kupima vinasaba. Mwishoni mwa Agosti simu ikapigwa: mmoja wao ni Tymish.

Dereva mwingine alikuwa tayari, lakini Lukyan aliinuka kitandani akaomba viatu. Nilimgombeza mbele ya mkewe, sifichi. Nilimwambia, "Unakwenda kufia barabarani."

"Dada, kufa nitakufa hata nikilala hapa. Huyu kijana nilimpa neno."

"Usukani utaushika kwa mikono gani? Kwa hiyo iliyokonda?"

"Usukani atashika Solomiya. Mimi nitashika njia."

Wakaenda, baba na binti, mpaka Dnipro, wakampokea, wakageuza. Solomiya anasema baba yake alitapika njiani mara nyingi, na kila alipomaliza alimwomba Tymish radhi kwa kumchelewesha, kisha akaendelea kumweleza walipofika. Baada ya Kolomyia wakashika njia ya kuzunguka, na mashimo yake yote. Yabluniv watu walikuwa wamepiga magoti pande zote mbili za barabara, na maua mikononi. Mbele ya nyumba yake, mwalimu Vasylyna, mwenye miaka themanini na magoti mabovu, alikuwa chini mavumbini kama wengine.

Lukyan akaomba gari lisimame, akashusha kioo. "Mwalimu, huyu ni Tymish Hrynda. Alitaka umwone."

"Namwona," bibi yule akasema. "Mwambie nilikosea."

Lukyan akageuza kichwa nyuma. "Umesikia, Tymish."

Nimefundisha miaka arobaini. Nimesikiliza hotuba za ushujaa chini ya bendera mbili tofauti, ya zamani na ya sasa, nyingi nikipiga miayo. Lakini nikimfikiria mdogo wangu ndani ya gari lile, mwili umeisha, akikamilisha ahadi aliyompa kijana kwa mzaha juu ya kikombe cha chai, sipigi miayo. Nilimlea, nilimfuta kamasi, na bado sijui alikuwa mtu wa namna gani. Jumapili iliyofuata Mama Paraska aliingia kanisani hadi ndani, akaliandikisha jina la mwanawe katika fungu la waliolala. Katika fungu la walio hai akaliandikisha jina la Lukyan.

Baada ya safari ile Lukyan hakuinuka tena. Wiki zake za mwisho alizitumia kumfundisha Solomiya: majina ya vijana ambao bado hawajarudi, na kila mmoja alitaka apitishwe wapi. Binti alirudia kwa sauti, baba akasahihisha. Alifariki nyumbani tarehe 9 Oktoba 2025, asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Orysia.

Ameacha mke, Orysia. Kaka, Severyn, aliyeko Italia. Mimi dada yake. Na Mama Paraska Hrynda, ambaye marehemu alitaka ahesabiwe katika familia. Ameacha pia binti yake wa pekee, Solomiya. Naona mnamtafuta kwa macho, na wengine mmeanza kunong'ona. Hayupo. Alfajiri alimbusu baba yake kwenye paji la uso, akachukua funguo za gari. Kuna kijana wa Khotyn anarudi kwao leo, na watu wake wameshajipanga barabarani. Hatukuona haki kuwaambia wasubiri kesho kwa sababu na sisi tuna msiba.

Lukyan, mdogo wetu, pumzika sasa kwa amani. Kumbukumbu yako iwe ya milele.