Kalia na Glavu Zilizokatwa Ncha

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, wafanyakazi wenzake na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kutufuta machozi, anayesimama mbele yenu ni dada mkubwa wa marehemu, na familia imemwomba asome maisha ya mdogo wake kwa sauti ya upole, bila kumkwaza mgeni yeyote, ombi ambalo amelikubali nusu, kwa sababu mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe ndicho hiki.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1979, katika chumba cha pili cha nyumba ya kupanga nyuma ya kiwanda cha mabati, akiwa mtoto wa nne na kitinda mimba wa baba aliyekuwa karani wa stoo na mama aliyekuwa fundi cherehani, na mama huyo, ambaye ametangulia mbele ya haki, alikuwa na mwiko mmoja ambao mwanawe aliunyonya pamoja na maziwa, kwamba hakati kitambaa mpaka mwenye mwili asimame mbele yake, na mteja aliyetuma vipimo kwa mdomo wa mtu mwingine alirudishiwa kitambaa chake kizima, hata kama harusi ilikuwa kesho.

Alianza shule ya msingi ng'ambo ya reli mwaka 1986 na kumaliza mwaka 1992, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana kuanzia 1993 hadi 1998, na mwaka 1999 akajiunga na chuo kusomea kompyuta, ambako mwalimu wao aliwaagiza watengeneze programu ya kuazimisha vitabu, wenzake wakajifungia maabara na kumaliza mapema, yeye akaenda kukaa maktaba pembeni ya mkutubi akimtazama anavyofanya kazi, akachelewa kukabidhi, akakatwa alama, na alipoulizwa kwa nini alijibu kwamba alikuwa hajamfahamu mwenye nguo. Alihitimu mwaka 2003, hakuwa wa kwanza, ila programu ya mkutubi ilitumika mpaka mkutubi mwenyewe alipostaafu.

Mwaka huohuo aliajiriwa kama mbunifu wa programu, kwanza katika ofisi ndogo iliyokuwa juu ya duka la vioo, kisha, kuanzia Juni 2011, katika kampuni ambayo viongozi wake wamekaa nasi hapa leo, na huko ndiko alikopewa jina la Kalia Mikono, lililofupishwa baadaye likawa Kalia. Jina hilo lilitokana na namna yake ya kufanya kazi, maana alikuwa hachori hata kitufe kimoja kabla hajamtafuta mtu atakayekibonyeza, akamweka mbele ya mashine, akampa kazi moja ya kweli, kisha akaketi nyuma yake na kuvikalia viganja vyake vyote viwili, asije akashawishika kunyoosha kidole na kumwonyesha njia, kwa kuwa alisema ukishamsaidia tu umejidanganya, kwani akiwa peke yake kazini hutakuwepo. Wapo hapa watu waliotoka jasho mbele yake wakitafuta mahali pa kubonyeza, wakamwomba msaada, akawatazama tu kwa macho ya huruma, na walipokosea aliandika kwamba mashine imekosea. Neno "kosa la mtumiaji" lilikuwa matusi masikioni mwake, na aliwahi kumtoa mwanafunzi wa mafunzo kazini nje ya chumba akanywe maji kwanza, kwa sababu ya kulitamka.

Tarehe 20 Agosti 2005 alifunga ndoa na fundi majokofu, ambaye ndiye mgane wetu leo, na ndoa hiyo nusura ivunjike ndani ya mwezi wa kwanza, pale mama mkwe alipokuja kuwatembelea, akaingia jikoni kutafuta mfuniko wa sufuria, akafungua kabati hili na lile, huku bibi harusi amekaa kwenye kigoda kimya, mikono chini ya mapaja, akimfuatilia kwa macho, mpaka mama mkwe akageuka na kumwambia, "Mwanangu, mimi nimekuwa sinema siku hizi?" Jioni yake jiko zima lilipangwa upya, mifuniko ikakaa pale mkono wa mama mkwe ulipokwenda kwanza, na tangu hapo wakawa chanda na pete. Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2007 na mvulana aliyezaliwa tarehe 27 Oktoba 2010, ambao wote wamelelewa na mama aliyewauliza maoni yao kuhusu kila kitu isipokuwa muda wa kulala.

Sasa tunafika mahali ambapo dada yake aliombwa apite haraka, na hatapita haraka.

Mwaka 2021 kampuni ilipata kazi ya kutengeneza programu ya kuandikia dawa wanazopewa wagonjwa wodini, muuguzi awe na kishikwambi mkononi badala ya faili, na marehemu akaomba, kama ilivyokuwa desturi yake, aende akakae wodini kabla ya chochote kuchorwa, akajibiwa kwamba muda hauruhusu na kwamba muuguzi ameshapatikana. Muuguzi huyo alikuwa picha iliyochapwa na kubandikwa ukutani, msichana mrembo anayetabasamu, kanzu nyeupe pe, mikono mitupu, kucha zimepakwa rangi, wakamtungia umri, mambo anayoyapenda na mambo yanayomuudhi, na kila walipobishana mezani watu wazima wenye shahada zao waliigeukia karatasi ile wakaulizana, "Huyu angependa kitufe kikae wapi?" Karatasi ilikuwa haina la kusema, kwa hiyo mkurugenzi aliisemea. Marehemu alikuwa akirudi nyumbani siku hizo hali chakula, anasema amekinai.

Mwezi Machi 2022, programu ikiwa imeanza kutumika kwa majaribio, alichukua likizo yake mwenyewe akaenda kuomba kiti kwenye kona ya wodi ya upasuaji, na aliyoyaona huko tunayasema jinsi alivyotusimulia, mwenye roho nyepesi atusamehe. Muuguzi anasafisha kidonda, usaha umemjaa kwenye glavu, kishikwambi kinalia kikidai athibitishe dawa ya kitanda cha pili, anakigusa, hakisikii, kwa sababu kioo kile kilitengenezwa kwa vidole vitupu kama vya yule msichana wa ukutani, basi anavua glavu, anabonyeza, anavaa nyingine, kinalia tena, mpaka boksi la glavu linakwisha na zamu haijafika katikati, na kwa kuwa dawa isipothibitishwa inahesabika haikutolewa na yeye anaitwa kujieleza, akachukua mkasi, akaikata glavu ncha ya kidole cha shahada, kidole kikachungulia nje, kazi ikaenda. Wodi nzima ilikuwa inafanya hivyo. Kidole kilekile kilitoka kwenye kidonda kikaenda kwenye kioo, kikatoka kwenye kioo kikaenda kwenye sindano iliyo mshiponi mwa mgonjwa mwingine, na kioo chenyewe kilikuwa kimeota utando wa kahawia kwenye kona pale kilipo kitufe cha kuthibitisha.

Aliomba kishikwambi kimoja, akakifunga kwenye mfuko wa plastiki, akakiweka juu ya meza ya mikutano, pembeni ya maua, akaeleza kwamba kitufe hakitumiki kwa mkono wa kazi, na kwamba programu irudishwe, wakae na wauguzi, waijenge upya. Mkurugenzi alitoa leso akaziba pua, akasema, "Toa uchafu huo mezani," halafu akasema wauguzi wafundishwe nidhamu. Wiki ya uzinduzi kampuni ilipiga picha za video za wauguzi wakiifurahia programu, na wauguzi hao walikuwa wahasibu na wapokezi wa palepale ofisini, wamevalishwa makoti meupe ya kuazima, wanacheka, vidole vitupu vinateleza kwenye kioo kisafi. Marehemu alitakiwa atie sahihi kwamba programu imejaribiwa na watumiaji, akakataa, akahamishiwa chumba cha kompyuta mbovu mwisho wa korido, akakaa huko miaka miwili akiendelea kuuliza swali moja katika kila kikao alichoruhusiwa kuingia, ni nani amekaa na wauguzi, na tulipomshauri aondoke alisema akiondoka swali hilo litabaki halina mwenyewe.

Mwezi Aprili 2024 alianza kuumwa tumbo, akapimwa, akakutwa na mawe kwenye nyongo, akafanyiwa upasuaji tarehe 3 Mei, upasuaji ukaenda vizuri, akacheka nasi jioni yake, na akalazwa katika wodi ileile. Siku ya tatu alimwona muuguzi kijana aliyekuwa akimhudumia akificha kidole chake kilichotoka nje ya glavu, binti wa watu ameona haya, akaanza kumwomba radhi, na marehemu akamwambia, mbele ya dada yake anayewasomea, "Usiniombe radhi mwanangu, hicho kidude nakijua, kimezaliwa ofisini kwetu." Akamwuliza kinamsumbua wapi zaidi, akamsikiliza, yeye mgonjwa, mpaka dada yake akamkemea apumzike. Tarehe 11 kidonda kilianza kutoa maji, homa ikapanda, madaktari wakasema vijidudu vimeingia kwenye damu, wakabadilisha dawa, wakahangaika naye usiku na mchana, na tarehe 19 Mei 2024, saa kumi na moja alfajiri, mdogo wetu aliaga dunia akiwa na miaka arobaini na mitano.

Vijidudu vile vilipitia wapi madaktari hawakutuambia kwa hakika, na sisi si wa kujitia tunajua. Anayejua kwa hakika ni kampuni, ambayo kabla hatujapata hata jeneza ilishauandikia uongozi wa hospitali kwamba programu yao haina tatizo, wauguzi wameharibu vifaa vya kujikinga kwa makusudi, na kilichotokea ni kosa la mtumiaji, maneno hayohayo, kuhusu kifo cha mtu huyuhuyu. Muuguzi yule amesimamishwa kazi, na wiki ijayo ataitwa mbele ya kamati. Juzi mkurugenzi alikuja msibani, akaketi kwenye kochi letu, akatuomba mambo mawili, kwanza familia itie sahihi malalamiko dhidi ya binti huyo, pili turuhusu toleo jipya la programu lipewe jina la marehemu, kwa heshima ya mchango wake, na alipokuwa akiongea, baada ya kuwapa mikono wafiwa, alichomoa kichupa mfukoni akajipaka dawa ya kuua vijidudu viganjani, akavisugua vizuri, kidole kimoja kimoja, mbele ya watoto wa marehemu. Shemeji, mume wa marehemu, alinyanyuka akamfungulia mlango.

Jibu la familia tulilihifadhi mpaka leo ili lisikiwe na wengi. Hatutatia sahihi. Jina la marehemu ni la watoto wake, halitabandikwa kwenye kitu alichokitapika. Na kwenye kamati ya wiki ijayo shemeji na dada yake marehemu wataingia pamoja na binti huyo, wakiulizwa wamefuata nini watasema wamekuja kwa niaba ya mgonjwa, kwa kuwa mgonjwa alishasema yake na waliyasikia. Katika ratiba mliyopewa mlangoni zimeandikwa salamu za mkurugenzi, mtuwie radhi, salamu hizo hazipo.

Familia inawashukuru madaktari waliompigania bila kuchoka, majirani waliotupikia, waliolala nasi msibani na kutubebea viti, wafanyakazi wenzake wa chumba cha mwisho wa korido, waliokuja kwa nauli zao na bila ua la kampuni, na wauguzi wa wodi ya upasuaji, ambao wengine wamekuja moja kwa moja kutoka zamu na hawajala. Mmoja wao amesimama kule nyuma, kwenye nguzo, tangu ibada ianze, amejifunika kitambaa hadi machoni, anafikiri hatumwoni. Mwanetu, njoo mbele, uketi na ndugu zako. Mkurugenzi, kiti ulichokalia ni cha wafiwa, tunaomba umpishe.

Tutangoja mpaka afike.

Ahsante, mwanetu, keti. Na wewe, mdogo wetu, swali lako limepata wa kuliuliza, pumzika kwa amani.