Paka wa Ukumbi wa Pili

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na minane na miezi minne, Bwana Loriano Gargini anarudisha funguo za makumbusho yetu ya mtaa wa Via dei Magnani, hapa Pistoia. Tunaobaki tutajifunza kufungua mlango wa nyuma, ambao mpaka leo unamsikiliza yeye peke yake.

Aliajiriwa kufagia. Mwaka wa tatu akawa mlinzi wa kumbi, ingawa ufagio hakuuacha. Ndiye aliyetufundisha kwamba pande za ngao ya nembo huhesabiwa kwa aliyeishika, hivyo kulia kwa ngao ni kushoto kwa anayeitazama. Wakurugenzi wawili walilijua hilo kwa kusahihishwa naye mbele ya wageni.

Lakini sifa yake kubwa ni paka. Kwenye ukuta wa ukumbi wa pili zimechorwa nembo za mahakimu waliotawala mji enzi za kale, na kwenye ngao ya katikati yumo mnyama mwekundu aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Orodha yetu ilisema ni simba. Loriano aliwaambia wageni wote ni paka, na alipopewa barua ya onyo aliibandika jikoni, juu ya birika la kahawa.

Mwaka juzi, ukuta ulipokarabatiwa, iliamuliwa mnyama aongezewe manyoya ya shingoni ili awe simba kamili. Asubuhi hiyo Loriano alileta kiti chake, akakiweka chini ya jukwaa la mafundi, akaketi.

"Mzee wangu, toka hapo, rangi itakudondokea," alisema Fiorenza Nesti, fundi mkuu wa michoro.

"Na inidondokee. Wewe mwanangu umesoma, mimi kazi yangu vumbi tu. Haya, niambie, simba gani huyo mkia hauna shungi?"

Fiorenza alicheka, lakini brashi aliiweka chini. Alichukua pamba akasafisha pembe ya chini ya ngao, iliyokuwa nyeusi kwa masizi ya mishumaa. Kwanza ulitokea mkia mwembamba, kisha panya mzima. Loriano alivua kofia. Sikumtania, maana hata mimi machozi yalinilengalenga.

Orodha imesahihishwa. Zawadi ya saa ameikataa. Ameomba tu paka afutwe vumbi kila Jumatatu kwa brashi laini, kuanzia kulia. Nilipomuuliza kulia kwa nani, alinitazama kama mtu aliyepoteza miaka ishirini kunifundisha.

Asante, Loriano. Pumzika kwa raha na afya. Jumatatu nitaanzia kulia kwa ngao.